Ufa Una Umri Wake

Vipande huletwa vimefungwa kwenye tishu. Mara nyingine viko kwenye kibahasha cha vidonge, na mara moja nililetewa kimoja ndani ya kisanduku cha kiberiti, kimelala kwenye pamba kama kito. Daktari anayevipokea kutoka kwa mgonjwa hunitumia pamoja na ujumbe ambao kwa miaka yote haujabadilika: "Fundi, kazi yako hii."

Mimi ni fundi wa maabara ya meno. Mgonjwa hanijui hata sura; anayemjua ni daktari. Mimi nakaa huku nyuma, nachonga mataji (wengi huyaita kofia za meno), vipande vya kujazia jino lililobomoka, na madaraja ya kupita juu ya pengo. Kazi zangu nyingi ni za kauri, na kauri huvunjika. Si zote, wala si nyingi, lakini zikivunjika hazitoi onyo. Chuma hupinda kwanza, kikakupa nafasi ya kujiandaa. Kauri leo ni nzima, kesho ni vipande viwili ndani ya tishu.

Mgonjwa naye ana sentensi yake ambayo haibadiliki: "Nilikuwa natafuna kitu laini tu." Zamani nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Nilijiambia huyu kang'ata mfupa, au kafungua kizibo cha chupa kwa meno, sasa anaona haya kusema. Siku hizi namwamini. Lile tonge la mwisho, tunalolibebesha lawama zote, mara nyingi halina hatia yoyote. Limekuta kazi imeshafanyika, lenyewe likamalizia tu.

Aliyenifundisha hivyo si kitabu. Ni taji moja la gego la kwanza la chini, upande wa kulia, nililolitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Lilikuwa la lithiamu disiliketi, ile kauri ya kioo inayochongwa na mashine ikiwa na rangi ya zambarau, kisha ikaingia tanurini kwenye nyuzi 840 hivi na kutoka na rangi ya jino. Lilipopoa nikalijaribu kwenye modeli. Halikukaa. Lilichezacheza, limeinuka upande mmoja kama meza yenye mguu mfupi. Nikapaka rangi ndani yake, nikalibonyeza, nikaona kadoa panapogusa. Nikachukua drili yenye ncha ya almasi nikagusa mara mbili, bila maji, kwa sababu bomba la maji lilikuwa upande wa pili wa meza na mimi nilikuwa na haraka. Likakaa vizuri kabisa. Nilijiona fundi kwelikweli.

Miezi kumi na minne baadaye likarudi kwenye tishu, nusu mbili, mbele na nyuma.

Nilifanya ambalo kila mtu hulifanya: nilishika nusu moja mkono huu na nyingine mkono ule, nikataka kuzikutanisha nione zilivyoshikana. Kuna mzee aliyenitangulia kwenye kazi hii, siku hiyo alikuwa amekaa pembeni yangu. Akanishika kiganja. "Mwanangu, usizigusanishe! Unafuta maandishi." Nikamuuliza, maandishi gani, mzee? Hakujibu. Alivichukua vile vipande kwa kibanio, akavitia kwenye kikombe cha spiriti ndani ya mashine ya kusafishia kwa mtetemo, akasubiri dakika chache, akavikausha kwa hewa bila kupangusa, akaweka kimoja chini ya hadubini yetu ya macho mawili, ile ya kukuza mara kumi hadi arobaini ambayo mimi nilikuwa naitumia kukagulia kingo tu. Kisha akafanya kitu kilichonishangaza: aliizima taa ya juu, akalaza tochi ndogo ubavuni, mwanga ukapita sambamba na uso wa kipande, kama jua la jioni linavyopita juu ya mchanga na kuonyesha kila unyayo.

"Haya, soma."

Kwa taa ya juu uso ule ulikuwa mweupe, hauna neno. Kwa mwanga wa ubavuni ulijaa mistari. Mistari myembamba iliyotawanyika kama mbavu za upepeo, na ukiifuata kinyumenyume yote inarudi mahali pamoja, kwenye mpini. Mpini huo haukuwa juu, panapotafunia. Ulikuwa chini, upande wa ndani, uso unaokumbatia jino. Na hapo kwenye mpini palikuwa na mikwaruzo miwili iliyolala sambamba. Sikuhitaji kuuliza ni ya nani.

Upande wa pili kabisa wa kipande, juu, karibu na doa linalong'aa ambapo jino la juu lilikuwa likigonga, ukingo ulikuwa umejikunja kama mdomo wa mtu aliyenuna. Mzee akaniambia huo ndio mwisho wa safari. Ufa ukikaribia upande uliokandamizwa hupindisha njia kabla ya kutokea, na mkunjo ule ni saini yake. Kwa hiyo palipogongwa ndipo ufa ulipoishia, siyo ulipoanzia. Miaka yote mimi nilikuwa nausoma mkasa huu kutoka ukurasa wa mwisho.

Katikati ya kipande palikuwa na mstari mwingine, umepinda kidogo, kama alama inayoachwa ufukweni na maji yaliyojaa kisha yakapwa. Juu ya mstari huo kauri ilikuwa nyeupe safi. Chini yake, kuelekea kwenye mikwaruzo yangu, palikuwa na wekundu wa kutu, hafifu mno, ungeweza kuupita. "Hapa ulipumzika," mzee akasema. Ufa ulitoka kwenye mkwaruzo, ukatembea hadi nusu ya njia, ukasimama. Ulisimama kwa muda wa kutosha mate kuingia ndani yake na kuacha rangi. Mgonjwa alikuwa akitafuna, akicheka, akipiga mswaki, na ndani ya taji lake kulikuwa na ufa uliokaa kimya ukisubiri zamu yake.

Tangu siku hiyo sijatupa kipande hata kimoja.

Mambo haya yana historia ndefu, na wa kwanza kuyafumbua hawakuwa watu wa meno. Mwaka 1913 Mwingereza C. E. Inglis alikokotoa mkazo unavyojilundika kwenye ncha za tundu lenye umbo la yai ndani ya bamba, na akaonyesha kwamba kadiri tundu linavyochongoka ndivyo mkazo wa pale nchani unavyopanda, mara nyingi kupita ule wa bamba zima. Kisha akaja A. A. Griffith, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha serikali cha ndege kule Farnborough, Uingereza. Alikuwa na swali rahisi: kwa nini kioo huvunjika kwa nguvu ndogo hivyo, wakati vifungo vya atomi zake vingeweza kuhimili mara nyingi zaidi? Akavuta nyuzi za kioo, nyembamba na nyembamba zaidi, akazipima, akakuta nyuzi nyembamba sana ndizo zenye nguvu kupita kiasi. Katika makala yake ya 1921 jibu lilikuwa nyufa. Kila kioo kina vijiufa tangu kuzaliwa, havionekani, na kinavunjika pale kijiufa kimoja kinapopata nishati ya kutosha kulipia uso mpya kinaoufungua.

Chuma nacho kina nyufa, lakini chuma kina ujanja. Ukikivuta, safu zake za atomi huteleza juu ya nyingine, ncha ya ufa ikatanuka na kuwa butu. Atomi za kauri hazijui kuteleza. Zimeshikana kwa vifungo vikali visivyokubali kuhama, kwa hiyo ncha ya ufa hubaki kali kama wembe mpya. Ndiyo maana kauri ni ngumu kuliko chuma na hapohapo ni dhaifu kuliko chuma, na mtu asiyeutenganisha ugumu na ustahimilivu atachanganyikiwa maisha yake yote na kazi hii. Mimi nilichanganyikiwa kwa miaka saba.

Ngoja niweke namba, maana bila namba tunabaki na mafumbo. Porseleni ya kawaida, ile ya kupaka juu, ina nguvu ya kuhimili kupindwa ya megapaskali (kipimo cha mkazo) 60 hadi 100. Lithiamu disiliketi iko karibu na 400. Zirkonia ya kawaida, kauri nyeupe isiyo na kioo ndani yake, inafika 1,000 na kuzidi. Ukisoma hivyo unadhani zirkonia haigusiki. Lakini chukua hesabu ileile ya ufa na uifanye kwa kila moja. Porseleni yenye nguvu ya 75 maana yake tayari inaishi na kijiufa cha mikrometa 65 hivi, unene wa unywele. Zirkonia yenye nguvu ya 1,000 inaishi na kijiufa cha mikrometa 13 tu. Nguvu yake imetokana na kutokuwa na kasoro kubwa. Sasa mtu akiiwekea mkwaruzo wenye ufa wa mikrometa 50, ile 1,000 inashuka hadi karibu 500 kabla mgonjwa hajafumba mdomo. Na ncha ya almasi ya kawaida ina chembe zenye upana wa mikrometa mia hivi. Kadiri kauri inavyokuwa na nguvu, ndivyo inavyokuwa na cha kupoteza mkononi mwa fundi mwenye haraka.

Namba ya katalogi ni ya kauri ambayo hakuna aliyeigusa. Inapimwa kwenye vijiti vidogo vilivyong'arishwa. Taji halisi limechongwa, limechomwa, limekwaruzwa, limepuliziwa mchanga, limegandishwa, limegongwa. Na hata vile vijiti vya maabara havivunjiki vyote kwa nguvu moja. Vingine huondoka mapema, vingine hukaa. Mswidi Waloddi Weibull aliliandikia hesabu jambo hili mwaka 1939, akitumia fikra ya mnyororo: nguvu yake ni ya pete iliyo dhaifu kuliko zote, na mnyororo mrefu una nafasi kubwa zaidi ya kuwa na pete mbovu. Daraja la meno manne lina kauri nyingi kuliko taji moja, basi lina nafasi nyingi zaidi za kuwa na kasoro mahali pabaya. Mtu akikuuliza kauri hii ina nguvu kiasi gani, jibu la haki ni kumuuliza: ipi, na imepitia mikono ya nani?

Sasa, kwa nini ndani? Hili lilinisumbua kuliko yote. Mgonjwa anang'ata kutoka juu, ufa unatoka chini.

Weka bamba la kioo juu ya godoro, kisha ukalikanyage katikati. Kioo kinazama kidogo, uso wa juu unabanwa, uso wa chini unavutika. Kauri huvumilia kubanwa kwa kiwango kikubwa sana, kuvutwa haivumilii. Kwa hiyo kioo kitaanza kupasuka chini, kwenye upande usiouona. Taji ndilo kioo, na godoro ni dentini (mwili wa jino ulio chini ya enameli) pamoja na saruji inayoligandisha taji. Dentini ina ukakamavu wa gigapaskali 18 hivi. Lithiamu disiliketi ina kama 95, zirkonia kama 200. Hapo ndipo nilipoukumbuka msemo wa kikulacho ki nguoni mwako, maana uso ule wa ndani ndio nguo ya jino hasa. Na ndio uso tunaoushughulikia kikatili kuliko wote, kwa kuwa hauonekani: pembe kali zinazobaki pale mashine inaposhindwa kufika, tindikali, mchanga wa alumina, drili ya fundi. Juu tunang'arisha mpaka tunajiona humo. Ndani tunaparua.

Watafiti wa meno walikuwa wameshaliona. J. Robert Kelly na wenzake, mwaka 1990, walichukua mataji ya kauri yaliyovunjikia vinywani mwa watu, wakayasoma nyuso zake, wakakuta asili ya mvunjiko iko upande wa ndani, siyo pale meno yanapogongana. Kelly huyohuyo mwaka 1999 akayakosoa majaribio ambayo wengi tulikuwa tunayaamini: taji linawekwa chini ya mashine, mpira wa chuma unalikandamiza mpaka linapasuka, kisha katalogi inaandika kwa majivuno kwamba limebeba maelfu ya niutoni. Kinywani nguvu ya kutafuna haifiki huko. Hata ukiuma kwa nguvu zako zote kwa magego unazungumzia mamia. Mpira ule mgumu huunda ufa wenye umbo la koni palepale unapogusa na kuisaga kauri iwe unga, kitu ambacho mataji yanayorudi kwenye tishu hayana. Jaribio linavunja taji kweli, ila kwa njia ambayo kinywa hakiitumii.

Unene nao una hesabu yake, na ni hesabu katili. Bamba likipinda, mkazo wa chini hauongezeki sambamba na wembamba. Unaongezeka kwa mraba wake. Lile taji langu nililipima baadaye kwa mikromita, pale kwenye asili ya ufa. Milimita 0.9. Lilitakiwa liwe 1.5. Kwa nguvu ileile ya kung'ata, mkazo ulikuwa karibu mara 2.8 ya ule tuliokusudia, na juu yake mikwaruzo miwili. Nilipomwambia daktari akasema jino lilikuwa fupi, hakutaka kulisaga zaidi asije akaukaribia mshipa. Hoja yake ni ya haki. Jino halina milimita za kugawa bure, na kila moja tunayoiomba sisi mafundi inatoka kwa mgonjwa aliye hai.

Kisha kuna maji. Kama ningeruhusiwa kumwambia msomaji jambo moja tu kuhusu kauri, ningemwambia kuhusu maji.

Mafundi wa vioo wa zamani walikuwa wakikwaruza kioo kisha wakalowesha mkwaruzo kwa mate kabla ya kukikata, maana kiliitikia upesi zaidi. Tangu karne ya 19 ilijulikana pia kwamba kioo kinaweza kubeba mzigo bila shida, kisha baada ya muda, mzigo uleule, kikapasuka chenyewe. Mwaka 1967 mtafiti Wiederhorn alipima nyufa zinavyotembea ndani ya kioo akibadilisha unyevu wa hewa, na unyevu ulipoongezeka ufa ulienda kasi zaidi kwa mzigo uleule. Kiini chake ni kidogo mno. Kwenye ncha ya ufa kuna silikoni, oksijeni, silikoni, zimenyooshwa kama kamba iliyokazwa. Molekuli moja ya maji inajipenyeza pale, inakata kile kifungo, inaacha ncha mbili zilizofunikwa na hidroksili. Ufa umesogea hatua moja ya atomi. Kisha molekuli nyingine.

Kinywa kimelowa usiku na mchana, na saruji, hata dentini yenyewe, ina unyevu wake. Kwa hiyo ufa hauhitaji kufikia nguvu ile ya kuvunja. Unatambaa chini ya hapo, kila meno yanapokutana, mamia ya maelfu ya mara kwa mwaka. Ndiyo maana taji linaweza kupita kila jaribio siku ya kwanza na kukatika mwaka wa tano mtu akitafuna kitu laini. Tonge la siku ile halikuwa zito. Ufa ndio ulikuwa umefikia urefu ambao hata tonge jepesi linatosha.

Lakini maji yana mpinzani. Kwa kauri za kioo, kama porseleni na lithiamu disiliketi, tunatia asidi ya hidrofloriki kwenye uso wa ndani, tunapaka sileni (dawa ya kuunganisha kauri na saruji), kisha daktari anagandisha kwa saruji ya rezini. Watu hudhani kazi ya saruji ni kushika tu lisidondoke. Inafanya zaidi: rezini inaingia ndani ya vijiufa, inavijaza, inavishikanisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa unazibwa kwa maana yake halisi. Kauri dhaifu iliyogandishwa vizuri hukaa miaka mingi kuliko kauri yenye nguvu iliyowekwa ovyo. Nimeona vigamba vya porseleni vya mbele, vyembamba kama ukucha, vimeishi kuliko mataji manene, na siri yao ilikuwa gundi na enameli ya chini yake.

Zirkonia ina kisa chake peke yake. Mwaka 1975 Garvie, Hannink na Pascoe, wakiwa Australia, waliitangaza kama chuma cha kauri, ingawa waliweka alama ya kuuliza mwishoni mwa jina hilo. Zirkonia yenye itria kidogo (oksidi inayotiwa ndani yake) hubaki katika umbo la tetragonali, mpangilio wa atomi wa kwenye joto kali, hata ikipoa. Ufa ukiikaribia, chembe zilizo nchani hubadilika umbo na kuvimba kwa asilimia 4 hadi 5, zikaubana ufa pande zote. Ni kama ukuta unaojifunga pale mwizi anapoingiza mkono. Naikubali akili ya kitu hiki. Lakini ina bei zake. Tulipoanza kupaka porseleni juu yake ili ipendeze, porseleni ikawa inabanduka vigamba. Kiini cha zirkonia kikabaki kizima na mgonjwa akarudi na taji lenye pengo.

Tulilaumu gundi ya tabaka hizo mbili. Shida kubwa ilikuwa joto. Zirkonia hupitisha joto polepole sana kuliko chuma cha mataji ya zamani. Ukitoa kazi tanurini na kuifungulia hewa, uso wa porseleni hupoa na kukaza huku ndani bado kuna moto. Ndani napo pakija kupoa, pananywea na kuvutana na ganda lililokwisha kukaza. Mivutano hiyo inabaki humo milele, imefungiwa. Siku hizi napoza taratibu, tanuri limefungwa, mpaka joto lishuke chini ya kiwango cha porseleni kukaza. Nachukia kusubiri, lakini nasubiri. Na vipande vya aina hii ni vizuri kusomwa, kwa sababu porseleni ina vipovu: nyuma ya kila kipovu ufa huacha mkia mwembamba, kama maji ya mto yanavyoacha mkia nyuma ya jiwe. Mkia unakuonyesha mto ulikuwa unaelekea wapi.

Wengi wamehamia zirkonia tupu isiyo na porseleni, na ile ya kung'aa zaidi, yenye itria nyingi. Inapendeza. Ila huo mng'ao umetokana na chembe za umbo la kiubiki, na chembe hizo hazivimbi ufa ukija. Ule ujanja wote wa 1975 umeuzwa kwa ajili ya rangi. Jina kwenye boksi ni lilelile, zirkonia, na nguvu yake inaweza kuwa nusu. Hapo ndipo ninapowakasirikia wauzaji.

Tusiwasahau walioumia na tanuri. Mwaka 2001 mamia ya vichwa vya nyonga bandia vya zirkonia vilivunjika ndani ya miili ya watu, baada ya kiwanda kubadilisha aina ya tanuri la kuchomea. Namba za katalogi zilikuwa zilezile. Huwa naukumbuka mkasa huo kila mtu anaponiambia tanuri ni tanuri.

Narudi kwa daktari, maana lawama si zangu peke yangu. Taji likishagandishwa, mgonjwa anauma karatasi ya rangi, doa linaonekana, daktari anagusa na drili. Kugusa si kosa. Kosa ni kuacha hapo. Mpira wa kung'arisha ukipita kwa hatua zake, wa chembe kubwa, wa kati, kisha laini, ile mikwaruzo inaondoka. Glezi, lile tabaka la kioo la kung'arishia, haisaidii kitu kwa mkwaruzo mrefu. Inaufunika tu, kama rangi mpya juu ya ukuta wenye ufa. Wanaosaga meno usingizini nao ni watu wa kuulizwa mapema. Wao hawatafuni, wanasugua, kwa muda mrefu, gizani, bila tonge la kupunguza makali. Kwa hao huwa naomba daktari afikirie kinga ya usiku kabla hata ya kuchagua kauri.

Siku hizi daktari akiniambia "Fundi, kazi yako hii," namuomba mambo mawili. Asivigusanishe vipande. Na kama sehemu ya taji bado imebaki mdomoni, kabla hajaikata, achukue chapa ya uso uliovunjika kwa silikoni nyepesi, ile ya kuchukulia vipimo. Nikimimina epoksi humo napata nakala ambayo mistari yake yote inasomeka. Wengine wananiona nimezidi. Mmoja aliniuliza kama nataka kufungua kesi.

Yule mgonjwa wa gego la chini alirudi. Daktari alikubali kuongeza nafasi kidogo, tukapata 1.4, tukaafikiana hapo. Nikachonga taji la pili, likatoka tanurini, nikalijaribu kwenye modeli. Halikukaa. Likachezacheza palepale, upande uleule. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye drili. Nikaurudisha. Nilifungua faili kwenye kompyuta, nikakuza, nikaona ukingo wa jino ulikuwa na kona ambayo ncha ya mashine haikuweza kuingia, ikabaki kauri ya ziada pale. Nikampigia daktari, akailainisha kona, akachukua vipimo upya. Taji la tatu liliingia bila mimi kuligusa kwa ndani. La pili bado ninalo, kwenye droo, zima.